Fundi Anajibu: Oveni inaandika F3, na keki zinabaki mbichi katikati

SWALI: Shikamoo fundi. Naoka keki za kuuza hapa Uyole, Mbeya. Jiko langu ni la umeme, plate nne na oveni chini, nililinunua likiwa limeshatumika. Tangu mwezi wa tano keki zinaiva juu, ukikata katikati ni mbichi. Jirani akasema ni baridi ya Mbeya. Wiki iliyopita jiko likaanza kulia na kuandika F3, oveni ikajizima. Nikizima swichi ya ukutani na kuwasha tena linatulia kama nusu saa, kisha linarudia. Fundi aliyekuja anasema bodi imekufa, nitoe laki tatu na nusu. Nina oda ya kipaimara Jumamosi ijayo. Nifanyeje?
Mama wa keki, Uyole

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo laki tatu na nusu usiitoe kwanza.

Kwenye majiko mengi F3 ni malalamiko kuhusu sensa ya joto, yaani kifaa kinachopima joto la oveni. Nasema mengi, kwa sababu kila mtengenezaji ana namba zake, na F3 ya jiko moja inaweza kuwa jambo jingine kabisa kwenye jiko la pili. Kwa hiyo fungua mlango wa oveni, utafute kibandiko chenye namba ya modeli pembeni mwa fremu au nyuma ya droo ya chini, umpe fundi aitafutie maana yake. Lakini hata maana ikiwa ni sensa, jiko halijasema sensa imekufa. Limesema tu kwamba vipimo vinavyofika kwenye bodi, yaani ubao wa saketi unaoongoza jiko, havieleweki. Kosa linaweza kuwa kwenye sensa, kwenye waya, kwenye kiungio cha waya, au kwenye bodi. Fundi aliyeruka moja kwa moja hadi bodi bila kupima amekukisia, na inaniuma kuona mama anayejitafutia riziki analipia makisio.

Mimi nashuku kiungio, na keki zako ndizo zilizonionyesha. Sensa ya aina inayotumika sana ni kijiti chembamba cha chuma kilichochomoza kwenye ukuta wa nyuma wa oveni, upande wa juu. Oveni ikipata joto, ukinzani wa sensa (ugumu wa umeme kupita ndani yake, unaopimwa kwa omu) unapanda, karibu omu 4 kwa kila nyuzi moja. Sasa tuseme kiungio nyuma ya jiko kimeshika kutu na kuongeza omu 80 zisizo zake. Bodi itadhani oveni ina joto la nyuzi 20 zaidi ya ukweli. Unaweka 180, unapata 160. Juu panapata rangi, katikati pabichi. Kutu ikizidi, mawasiliano yanakatika kabisa oveni ikipata moto, ndipo F3 inatokea. Nusu saa yako inaendana na hilo. Baridi ya Mbeya haihusiki: oveni yenye sensa nzima huongeza moto yenyewe hadi ifike ulipoiweka.

Niliwahi kuitwa Tukuyu kwa jiko la namna hii. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha sensa mara mbili. Jiko lilisimama karibu na ukuta unaonyonya maji, na unajua mvua za kule. Pini za kiungio zilikuwa za kijani kwa kutu. Nilizisugua, nikazikausha, nikazikaza, nikalisogeza jiko mbali na ukuta. Sikuuza kifaa hata kimoja.

Mwambie fundi afanye hivi, akianza na swichi kuu ya nyumba. Swichi ya jiko peke yake isiaminiwe, na apime kwanza kuhakikisha umeme haupo. Achomoe sensa kwenye kiungio chake, apime ukinzani oveni ikiwa imepoa. Kwa aina niliyoieleza, chumba chenye nyuzi 20 hadi 25 kitampa kati ya omu 1,080 na 1,100. Hapa kwetu asubuhi ya Julai jiko likiwa na nyuzi 10, atasoma kama 1,040, na hiyo ni nzima; asiitupe. Aina nyingine zina vipimo vyake, ndiyo maana nimesisitiza modeli. Kisha akishike kijiti kwa kiganja. Namba ipande polepole. Ikirukaruka, sensa imekatika ndani. Pia kati ya waya na chuma cha sensa kusiwe na mawasiliano yoyote.

Sensa ikiwa nzima, airudishe, aende kupima tena kwenye ncha ya waya inayoingia kwenye bodi. Hapo namba iwe ileile. Ikiwa kubwa zaidi, tatizo liko njiani: kutu, waya ulioungua, au panya. Ikiwa ileile na F3 bado inarudi, hapo ndipo nitakubali kuzungumzia bodi.

Keki ya kipaimara okea kwa jirani mwenye oveni nzima au kwenye jiko la mkaa. Usiibahatishe kwenye hili. Na fundi akishapima, niandikie zile namba mbili, ya kwenye sensa na ya kwenye bodi, pamoja na modeli.