Jibu: Dada kuwekewa stenti kwa presha ya ndani ya fuvu, tukubali?

Habari za Nyegezi, ndugu. Umesema presha ndani ya fuvu la dada yako haishuki kwa dawa, na sasa daktari anataka kumwekea stenti, yaani kijibomba cha wavu wa waya kinachopanua mshipa uliobana. Mdogo wangu hapa Kirumba alipitia hayo.

Kwanza macho. Akiona giza la ghafla anapoinama, mpeleke kliniki ya macho leo, msisubiri kikao cha ukoo. Uoni ukishapotea, mara nyingi haurudi.

Halafu uliza kama amepigwa MRI ya vena, yaani picha ya mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Stenti inafaa pale tu mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kwenye ubongo umebana, na kabla ya kuiweka hupimwa presha pande zote mbili za palipobana. Madaktari wengi hutaka tofauti ya presha hizo ifike milimita 8 za zebaki. Bila kipimo hicho sisi tusingekubali.

Akishawekewa stenti, atameza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, kwa miezi, bila kuruka hata siku moja. Kama anafikiria kubeba mimba, amwambie daktari sasa. Uzito pia apunguze. Kwa mdogo wangu kuupunguza kulisaidia sana.

Picha za dada yako sijaziona, kwa hiyo sitasema kubali au kataa.