Ukikabidhi zamu, kabidhi na yaliyokupata

Wadogo zangu mliopangiwa vituo juzi, karibuni Mwanza. Mambo ya chumba cha kupanga, Igoma au Buhongwa, na daladala ipi inakuwahisha zamu ya asubuhi, mtayamaliza ndani ya wiki. Mimi ni mkunga, nina miaka 14 wodi ya wazazi. Nataka kuwaambia jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu.

Chuoni mmefundishwa kukabidhi zamu: jina, namba ya kitanda, njia imefunguka sentimita ngapi, presha, dripu ya ngapi, dawa inayofuata saa ngapi. Hujakabidhi, huondoki. Mwenzako akishapokea, mgonjwa ni wake. Sasa angalia daftari la ripoti ukurasa kwa ukurasa: hakuna mahali pa kuandika wewe uliyekesha umekuwaje. Mgonjwa unamwacha wodini, mengine unaondoka nayo.

Mwaka wangu wa pili, kwenye kituo ambacho sitakitaja, aliletwa mama kutoka visiwani akiwa amevuja damu njia nzima. Tulihangaika naye mpaka alfajiri, akatutoka. Nilikuwa bado nimeshika mkono wake inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, aliponiambia, "Futa uso, namba sita anasukuma." Nikafuta uso. Namba sita alijifungua mtoto wa kike, kilo 3.2; naikumbuka kwa sababu mizani niliisoma mara tatu bila kuelewa nasoma nini. Kisha nikarudi kwa yule mama, nikakunja khanga yake iliyokuwa bado inanuka moshi na dagaa, nikaitia kwenye mfuko wa rambo, nikaandika jina juu ya plasta. Asubuhi nikatoa ripoti: wajawazito wanne, waliojifungua watano, kifo kimoja. Nikapanda daladala.

Namba sita alikuwa anasukuma kweli, na hapakuwa na mkono mwingine. Usiku ule inchaji alisema la kusema. Kinyongo changu ni cha kesho yake, na kesho kutwa, na mwezi mzima uliofuata, ambapo hakuna aliyeniuliza chochote.

Kikao cha kupitia kifo kilikaa. Msiviogope vikao hivyo, vina kazi kubwa. Kwa takwimu za utafiti wa kitaifa, vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na kuhojiana damu ilichelewa wapi, rufaa ilitoka saa ngapi, ni sehemu ya kazi iliyotufikisha hapo. Lakini kikao kile kinamtafuta mama alipopotelea. Kuna daktari wa Marekani, Albert Wu, aliandika mwaka 2000 kwamba kosa likitokea hospitalini, mgonjwa ndiye mwathirika wa kwanza, na mtumishi aliyehusika ni wa pili. Huyo wa pili alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, anajibu maswali vizuri kabisa.

Mimi sikulia. Nasema hivi kwa sababu wengi wenu mnasubiri machozi ndiyo mjue mambo si mazuri. Kwangu ilitokea mdomoni. Nilianza kuita watu kwa vitanda, "huyo nane anasumbua". Halafu siku moja binti wa mimba ya kwanza alipiga kelele za uchungu, nikamtupia neno ambalo siliandiki hapa. Mama yake alikuwa nje ya mlango, Msukuma mtu mzima, ameshika kapu la uji. Amesikia kila kitu. Nilipotoka nikajua leo nashtakiwa. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "umekula tangu asubuhi?" Sikuwa nimekula. Sikuwa nimekula chakula cha maana tangu juzi yake, na wala sikuwa nimeliona hilo.

Baadaye ndipo nikajua hali ile inaeleweka, na ina jina: uchovu wa kupindukia wa kazi, kwa Kiingereza burnout. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliieleza kwa mambo matatu: nguvu kukuisha, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona hufai tena. Na likasema inatokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Kazini, jamani. Kwa hiyo ukiitwa semina ya kujipenda, nenda, kunywa soda, lakini ukirudi uliza pia kwa nini jina lako lina zamu sita za usiku mfululizo. Uliza kwa heshima, ukiwa na ratiba mkononi. Mimi niliwahi kuuliza kwa hasira, nikaongezewa ya saba.

Wodini kwetu sasa tuna benchi nyuma ya chumba cha kufulia. Usiku ukiwa mbaya, baada ya ripoti hatutawanyiki kwanza. Chai ya chupa, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) akiwa nayo mtu, dakika kumi. Kila aliyekuwepo anasema kilichomkaa. Masharti ni mawili: hakuna kumwambia mwenzako "ungefanya hivi", hayo yana kikao chake, na hakuna linalotoka pale kwenda kwenye grupu la WhatsApp. Kijana mmoja, tabibu mpya, alikuja mara tatu bila kufungua mdomo. Ya nne akasema, "Mimi ni ile sauti ya mama yake." Akanyamaza, tukamwachia chai yake. Hakuna aliyetupa kibali cha benchi wala bajeti. Kama kituoni kwenu halipo, tafuta mtu mmoja tu mnayetoka naye zamu moja mkubaliane.

Mengine nayapitia haraka. Ukijichoma sindano, sema saa ileile. Dawa za kujikinga na VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Wanaoficha kwa aibu wanajipa siku nyingi za kutolala bure. Deiwaka za zahanati binafsi baada ya zamu ya usiku zinalipa, ila wengi ninaowaona wanazikimbilia wanalipia mikopo ya kausha damu, kwa hiyo anzia kwenye mkopo. Na kulala mchana chini ya bati, na mawe ya mji huu yakishapata jua, ni kazi kweli: pazia zito, simu mbali, waambie majirani.

Kabati la dawa, hapo nasimama. Usijiandikie diazepamu ili ulale. Inaanza na kidonge kimoja cha wiki. Nimemuona mwenzetu mwenye mikono mizuri kuliko sisi sote akiishia kuhesabiwa vidonge na mlinzi akiwa mlangoni, na kila mmoja wetu alikuwa ameshaona dalili, tukanyamaza tukiita hiyo heshima.

Ikiwa usingizi, chakula na hamu ya watu vimekukimbia wiki mbili, nenda kamuone mtu wa afya ya akili. Ikiwa umeanza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, usingoje hata kesho. Mwambie aliye karibu akupeleke leo. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, wana idara ya magonjwa ya akili. Unaogopa kuonwa na wenzako kwenye foleni? Nenda kituo kingine. Mimi nilijifunika mtandio mpaka machoni, nikakaa kwenye benchi, na aliyekaa pembeni yangu akawa daktari ninayemfahamu. Tukasalimiana kama watu waliokutana sokoni Kirumba.

Na likizo chukueni. Sheria ya ajira inawapa siku 28 kwa mwaka, msizigeuze sifa ya kujituma. Miaka mitatu ya mwanzo sikuchukua hata moja. Nilipochukua nilivuka kwenda kwetu Sengerema, enzi hizo kwa kivuko na foleni yake. Nyie mna daraja la Kigongo–Busisi tangu Juni 2025, hamna kisingizio. Nilifika jioni, nikalala. Nililala siku mbili, nikiamka kula na kurudi kitandani. Siku ya tatu mama akaja kukaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kwa sauti ya chini, baba asisikie, kama nimefukuzwa kazi.