Maswali na Majibu: Mwalimu, Kitabu Chake na Muhula Mpya

Shule zimefunguliwa, na barua nyingi nilizopokea mwezi huu zimetoka kwa walimu waliosoma na kuandika vizuri wakati wa likizo ya Desemba, kisha wakaona kazi yao inasimama mara tu kengele ya muhula ilipolia. Nayajibu hapa baadhi ya maswali yao.

Nafundisha Kiswahili kidato cha pili na cha nne. Desemba nilifika katikati ya riwaya ninayoiandika, lakini tangu shule zifunguliwe sijaongeza hata ukurasa mmoja. Nifanyeje? (Mwalimu, Singida)

Januari ni mwezi mgumu kuliko yote kwa mswada mrefu, na sikushauri uulazimishe. Katika majuma haya mwalimu anaandaa azimio la kazi na maandalio ya masomo, anapokea wanafunzi wapya, anafuata ratiba ya vipindi ambayo haijatulia, na pengine yuko zamu. Anayejiwekea lengo la kurasa kadhaa kila siku, mwaka mzima, hulivunja lengo hilo kabla ya Februari na kuanza kujiona hafai kuwa mwandishi, ilhali kosa limo katika lengo lenyewe.

Ugawe mwaka wako kwa kufuata kalenda ya shule. Hadi katikati ya Februari, soma tu, na uwe na daftari dogo la kunasa majina, mazungumzo na sentensi zinazokujia. Ratiba ikishatulia, chagua jioni mbili za juma, zilezile kila juma, uandike hadi muhula unapokaribia kwisha. Likizo ya katikati ya mwaka iwe ya sura nzima, kwa sababu huo ni wakati ambao akili inaweza kukaa na wahusika siku kadhaa mfululizo. Kuanzia Agosti, wanafunzi wa kidato cha nne wanapojiandaa kwa mtihani wa taifa wa Novemba, na wa kidato cha pili kwa upimaji wao, rudi kwenye kusoma na kuhariri yaliyokwisha kuandikwa. Desemba utaandika tena.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu ndilo kubwa. Kila unapouacha mswada, andika nusu ukurasa wa maelezo kwa ajili yako mwenyewe: nani yuko wapi, anataka nini, ni tukio gani linalofuata, na kwa nini. Walimu wengi huacha riwaya zao moja kwa moja kwa sababu wakirudi baada ya miezi miwili hawakumbuki walikuwa wanaelekea wapi.

Ninapofungua kitabu changu usiku huku rundo la madaftari liko mezani, najiona nawaibia wanafunzi. (Mwalimu wa sekondari, Mbeya)

Tufanye hesabu. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi 60 kila mmoja, akitoa insha moja tu, anakusanya insha 180. Akitumia dakika 5 kwa kila insha, anahitaji saa 15. Hakuna usingizi unaoweza kuibwa ukafidia saa hizo kila juma, kwa hiyo suluhisho liko katika namna ya kutoa zoezi. Toa insha ndefu kwa mkondo mmoja kwa zamu na uisahihishe kwa kina; mikondo mingine ipewe aya moja yenye jambo moja la kuangaliwa, kwa mfano upatanisho wa kisarufi, nao wasahihishane wakiwa darasani chini ya uangalizi wako.

Kuhusu kuwaibia, sikubaliani nawe hata kidogo. Mwalimu wa lugha asiyesoma chochote nje ya kitabu cha kiada hutoa mifano ileile kila mwaka, na wanafunzi huitambua. Nusu saa unayosoma kwa ajili yako hurudi darasani.

Nina nafasi za dakika ishirini tu kati ya vipindi. Je, kuna uandishi unaofaa hapo? (Mwalimu, Tabora)

Jaribu tafsiri. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilichapishwa mwaka 1963, na ya *Mabepari wa Venisi* ikafuata mwaka 1969, miaka ambayo alikuwa akiongoza nchi. Wewe huna wasaidizi kama kiongozi wa nchi, lakini mstari ulioachwa jana hukusubiri pale pale, na mistari minne inaweza kumalizika kabla kengele haijalia.

Wanafunzi wangu hunisimulia mambo mazito ya nyumbani kwao. Je, naweza kuyatumia katika hadithi? (Mwalimu wa shule ya msingi, Kigoma)

Usiyatumie yalivyo. Kijijini, kubadili jina hakumfichi mtu, kwa maana kila mmoja anajua ni baba wa nani aliyeuza shamba na ni binti wa nani aliyeacha shule. Badili kazi ya familia, mahali, umri na mwenendo wa tukio, kisha subiri mtoto huyo amalize shule. Ukibakiwa na hisia tu, bila kisa chake, hapo ndipo hadithi imekuwa yako.

Mtoto akikueleza kwamba anadhuriwa, wajibu wa kwanza ni kumpeleka kwenye msaada, kwa mwalimu wa malezi na ofisa ustawi wa jamii. Daftari lako la uandishi halina nafasi katika mazungumzo hayo.

Vitabu ni ghali, nami niko mbali na mji. (Mwalimu, Lindi)

Unapokwenda mjini kwa shughuli nyingine, jiandikishe katika maktaba ya mkoa iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Pia shirikianeni walimu watano, kila mmoja anunue kitabu kimoja kwa muhula, na vizunguke.

Nataka kushiriki Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nianze lini? (Mwalimu, Morogoro)

Tuzo hiyo, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Fuata masharti ya tangazo la mwaka husika, lakini usiandike kwa kukimbiza tarehe ya mwisho. Kamilisha rasimu ifikapo Julai, wape wasomaji wawili, na mmoja wao asiwe mwalimu, kwa sababu sisi walimu tuna tabia ya kusahihisha tahajia na kusahau kusema ni ukurasa gani uliotuchosha.