CEA imeshuka kutoka 38 hadi 9 baada ya upasuaji: ina maana gani?

Mkuu, pole na kuuguza. Umesema CEA ya mzee (protini ya kwenye damu inayopimwa kufuatilia saratani ya utumbo mpana) ilikuwa 38 kabla ya kukatwa utumbo huo, na wiki nne baadaye imesoma 9. Kushuka ni heri, ila kwa hesabu ilitakiwa ishuke zaidi. Protini hii hupungua nusu kila wiki moja hivi, au hata mapema zaidi: 38, 19, 9.5, 4.8, 2.4. Uvimbe ukiwa umetoka wote, kufikia wiki ya nne hadi ya sita inatakiwa iwe chini ya 5.

Msikate tamaa kwa namba moja. Rudieni wiki ya sita, maabara ileile, maana mashine za kampuni tofauti hazisomi sawa. Sigara na magonjwa ya ini huiacha juu kidogo hata pasipo saratani. Kemo yenye oksaliplatini nayo huweza kuipandisha kwa muda wiki za mwanzo. Kama anameza bayotini, vile vidonge vya nywele na kucha, awaambie maabara kwanza: baadhi ya mashine hudanganyika zikasoma chini. Ikipanda mara mbili mfululizo, nendeni mkapige picha ya CT ya kifua na tumbo, msisubiri maumivu.

Sasa shikeni ripoti ya patholojia, yaani majibu ya uchunguzi wa uvimbe uliotolewa, mtafute protini nne: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Hizi hurekebisha makosa DNA inaponakiliwa. Kwa saratani ya hatua ya pili, zikikosekana matarajio huwa mazuri zaidi, na kemo ya fluorourasili peke yake haimwongezei kitu. Kwa hatua ya nne, zikikosekana, dawa za kuamsha kinga ya mwili kama pembrolizumab hufaa. MLH1 ikikosekana, na PMS2 huondoka nayo, ombeni uvimbe upimwe jeni ya BRAF kabla ya kuwatia watoto hofu. Badiliko la jeni hiyo liitwalo V600E likikutwa, karibu kila mara si la kurithi. MSH2 ikikosekana, familia ionane na daktari kuhusu kupimwa Lynch, hali ya kurithi inayoleta saratani hii.

Muulizeni pia mpatholojia: seli za kawaida kando ya uvimbe, kama limfosaiti (chembe nyeupe za damu), zilishika rangi ya kuonyesha protini hizo? Zisiposhika, jibu la "haipo" halina thamani. Mara nyingi utumbo hutumbukizwa bila kupasuliwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia nyama) kidogo, wakati inatakiwa mara kumi ya ujazo wa nyama, basi ndani huharibika kabla dawa haijafika. Hapo warudie kipimo kwa kinyama kilichochukuliwa wakati wa kolonoskopi (kamera ya utumbo). Ni kidogo, dawa hupenya chote.