Kufufua betri kuukuu za sola: ipi inafufuka na ipi iachwe

Betri za risasi na asidi hufa kwa njia kadhaa, na katika hizo ni moja tu inayoweza kutibiwa nyumbani. Baadhi ya betri kuukuu za mfumo wangu wa sola nimezifufua, lakini nilizozikataa ni nyingi zaidi, na ndiyo maana ushauri wangu unaanzia kwenye uchunguzi wala si kwenye dawa.

Betri inapotoa umeme, mabamba yake ya aina zote mbili, yaani yale ya dioksidi ya risasi na yale ya risasi tupu, hufunikwa taratibu na salfeti ya risasi, huku asidi ikizidi kuwa nyepesi. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ikikaa wiki nyingi bila kujaa sawasawa, fuwele zake hukua, hukakamaa na kuziba mabamba, na betri huanza kujaa upesi na kuisha upesi. Betri za sola huupata sana ugonjwa huu kwa sababu paneli zikiwa ndogo, au mawingu yakiwa mazito, betri hushinda nusu nusu siku baada ya siku. Huo ndio ugonjwa unaotibika, ingawa si kila mara. Fremu za mabamba zikishaliwa na kutu, au unga wa mabamba ukiporomoka chini na kupiga shoti, hakuna chaji wala kemikali itakayorudisha kilichopotea.

Kwa hiyo iondoe betri kwenye mfumo, safisha vichwa vyake, uikague. Iliyovimba au yenye ufa isiguswe tena. Ikiwa ni betri iliyofungwa, ya jeli au ile ambayo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, usiifungue. Nitakayoeleza hapa ni ya betri zenye vifuniko vya kuongezea maji. Ichaji kadiri inavyokubali, iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima volti zake kwa mita. Betri nzima ya volti 12 husoma kati ya 12.6 na 12.7. Inayogoma karibu na 10.5 hata baada ya chaji ndefu ina seli iliyopiga shoti kati ya seli zake sita, na hapo safari imeisha.

Kifaa kinachonisaidia kuliko mita ni haidromita, yaani kipimo kinachoonyesha asidi ni nzito mara ngapi kuliko maji, kwa kuwa mita husoma betri nzima kwa pamoja ilhali haidromita husoma kila seli peke yake. Seli iliyojaa husoma kati ya 1.265 na 1.280. Zote zikiwa chini lakini zinakaribiana, kwa mfano 1.180 hadi 1.200, huenda ni salfeti, na kuna tumaini. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050, mimi huikataa betri, kama ninavyoikataa ile ambayo maji yake yametoka na rangi ya kahawia, kwa sababu rangi hiyo ni unga wa mabamba.

Kabla ya kuendelea, itoe betri nje au mahali penye hewa ya kutosha, vaa miwani na glavu za mpira, vua pete na saa, na usiruhusu moto wala cheche karibu. Hidrojeni inayotoka wakati wa chaji huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Asidi ikimwagika, inyunyizie magadi soda, ila hakikisha hayaingii ndani ya seli.

Katika kuongeza maji, tumia maji yaliyokenekwa peke yake, maana madini ya maji ya bomba hudhuru mabamba. Ikiwa mabamba yako wazi, yafunike kidogo tu kabla ya kuchaji, kisha jaza hadi alama baada ya chaji, la sivyo asidi itafurika. Usiongeze asidi. Asidi inayoonekana kupungua imefungwa ndani ya salfeti, nayo itarudi salfeti ikiyeyuka. Ukiongeza nyingine, haidromita itakusomea uongo na mabamba yataliwa upesi. Wapo wanaosifia salfeti ya magnesi kama dawa ya kutia ndani ya seli. Sioni sababu ya kuitumia: hairudishi unga uliodondoka, na haiwezi kushika nafasi ya chaji ndefu.

Tiba yenyewe ni chaji ya kusawazisha. Jaza kwanza betri kwa kawaida hadi volti 14.4 au 14.8, tenganisha inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa wa vifaa vya nyumbani) na taa zote, maana nyingi hazihimili volti za juu zaidi ya hapo, kisha endelea kwa mkondo mdogo hadi volti 15.5, na isizidi 16. Kwa betri ya ampea-saa 100 (ampea-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi), ampea 3 hadi 5 zinatosha. Betri iliyokakamaa hupandisha volti haraka huku ikikataa kupokea mkondo, na hapo wengi hukata tamaa, ingawa dalili hiyo ndiyo ya salfeti hasa. Iache ipokee kidogo kidogo, hata kama itachukua siku. Gusa boksi mara kwa mara: likiwa moto, simamisha, kwa kuwa asidi haitakiwi kuvuka nyuzi 50 za selsiasi. Soma haidromita kila baada ya saa moja, na namba zikiacha kupanda katika masomo matatu mfululizo, zima.

Usishangilie volti peke yake, maana betri yenye uwezo mdogo sana nayo husoma 12.6. Ipe mzigo. Taa ya volti 12 yenye wati 60 huvuta ampea 5 hivi, na betri mpya ya ampea-saa 100 huiwasha karibu saa 20 kabla ya kushuka hadi 10.5. Ikiwasha saa 12, una asilimia 60 ya uwezo. Ichaji papo hapo na rudia, kwa sababu uwezo huweza kupanda tena katika mzunguko wa pili au wa tatu. Chini ya nusu, mimi siirudishi kwenye mfumo.

Iliyofaulu ipe kazi nyepesi, kama taa na simu, na usiiunganishe na betri mpya, kwani mpya itashushwa na kuukuu. Isishuke chini ya nusu, yaani volti 12.2 hivi ikiwa imepumzika. Kagua pia paneli: betri ya ampea-saa 100 inahitaji takriban ampea 10 za chaji, ambazo ni paneli za wati 150 au zaidi, na kama udogo wa paneli ndio ulioiua mwanzo, utaiua tena.

Zilizokataliwa zihifadhi zikiwa wima, mbali na watoto, hadi uzipeleke kwa warejelezaji wanaopokea betri pamoja na asidi yake. Usizivunje nyumbani kwa ajili ya risasi, wala usimwage asidi ardhini, kwa sababu risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.