Kabla hujapokea simu ya tajiri, toa pumzi

Huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya uwakala wa forodha hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda. Anayeijua kazi hii anajua kwamba mzigo si wako na lori si lako, lakini mambo yakikwama simu zote zinakuja kwako. Tajiri, mwenye mzigo, yuko Kampala au Kigali. Dereva amelala chini ya trela. Mtandao umekatika. Na kila mmoja ana swali lilelile: "Imefikia wapi?"

Januari 2022, wakati malori yalipopanga foleni ndefu upande wa Kenya kwa ajili ya vipimo vya Korona, mwili wangu ulianza kukataa. Simu ikilia tu, hata ikiwa ni ya mama, moyo unakwenda mbio. Chakula hakikai tumboni. Usiku nalala macho wazi nikihesabu kontena za watu. Nilipokwenda kupimwa, presha ilisoma 152 kwa 96. Musawo, ndivyo tunavyomwita daktari huku kwetu, hakukimbilia kuandika dawa. Alinitazama kifua kwa dakika nzima, macho kwenye saa yake, kisha akasema: "Dada, umekaa tu hapo kwenye kiti, na umepumua mara 22."

Ndiye aliyenieleza habari za neva ya vagasi, mmoja wa mishipa ya fahamu. Ubongo una jozi 12 za neva za kichwa, na hii ni ya kumi. Inatoka chini ya ubongo, inashuka shingoni kulia na kushoto, inapita kwenye moyo na mapafu mpaka tumboni. Jina lake ni la Kilatini, maana yake yenye kutangatanga. Alinifananishia na breki ya lori, nami nikamwelewa mara moja. Moyo ukiachiwa wenyewe hupiga karibu mara 100 kwa dakika. Vagasi ndiyo inayoushika ukapiga 60 au 70. Hofu ikiingia, breki inaachiwa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya nyuzi za neva hii, kama asilimia 80, hupeleka habari juu, kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kujiambia "tulia, tulia" hakukuwahi kunisaidia. Moyo hausikii amri. Lakini pumzi unaweza kuiamuru. Ukivuta pumzi, vagasi inalegea kidogo na moyo unaharakisha; ukiitoa, inashika tena. Kwa hiyo anayetoa pumzi taratibu anakaa muda mrefu zaidi kwenye breki.

Mimi hufanya hivi. Nakaa, nyayo zote mbili chini. Navuta kwa pua nikihesabu hadi 4, natoa nikihesabu hadi 6, midomo imeachana kidogo kama mtu anayepoza chai. Hiyo ni pumzi 6 hivi kwa dakika. Dakika 5 zinatosha.

Mwanzoni nilikosea mara mbili. Kwanza, nilikuwa navuta pumzi kubwa hadi kizunguzungu kinanishika. Vuta kidogo tu, kazi iko kwenye kutoa. Pili, nilisubiri moto uwake ndipo nianze, na nikiwa tayari natetemeka sikuweza hata kuhesabu hadi 4. Ilibidi niizoeze asubuhi, kabla sijafungua ofisi, siku ambazo hakuna shida yoyote. Baada ya wiki tatu hivi mwili ulianza kuikumbuka wenyewe.

Kuna jambo limenigusa sana katika haya. Marehemu bibi yangu, kule Tororo, alikuwa akisali rozari kila jioni, na sisi wajukuu tukikaa karibu naye tulisinzia. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia walichapisha utafiti mdogo wa watu wazima 23, wakaona kwamba kusali rozari kwa Kilatini kulishusha pumzi zao hadi karibu 6 kwa dakika. Idadi ileile! Bibi hakuijua vagasi, ila sala yake ndefu, inayosemwa kwa pumzi moja hadi mwisho, ilikuwa inaishika. Siku ambazo kuhesabu kunanichosha, nasali. Wengine huimba wimbo mdomo ukiwa umefumbwa. Nao ni njia ya kurefusha pumzi inayotoka.

Maji baridi usoni nayo hupunguza mwendo wa moyo, na madereva wananiona nikinawa kwenye jerikeni nyuma ya ofisi. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Na tafadhali, usijibonyezebonyeze shingo kwa sababu umeona video. Hapo pana mshipa mkubwa wa damu, unaweza kuzimia.

Sitaki kukudanganya kwamba pumzi inaondoa kazi nyingi. Nilipokuwa na utulivu wa kutosha kufikiri, niliwaandikia matajiri wangu wote kwamba nitawapa habari za mizigo saa tatu asubuhi, saa saba na saa kumi na moja jioni, na katikati nitapiga mimi kukiwa na tatizo. Mmoja alikasirika akahamia kwa wakala mwingine. Nilisikitika, maana alikuwa na kontena nyingi. Waliobaki wamezoea.

Dawa za presha nilianzishwa mwaka huohuo, na nazinywa hadi leo. Mara ya mwisho nilipopimwa ilikuwa 128 kwa 82. Musawo alihesabu tena pumzi zangu. Zilikuwa 14, na siku hiyo nilikuwa na malori manne yaliyokwama.