Hawezi, au hajaweza?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwanangu wa kwanza yuko la nne sasa, na tangu chekechea kila akileta daftari limejaa vema mimi nilikuwa na wimbo mmoja tu, "una akili wewe, umemrithi mama yako", najiona namjenga kumbe namharibu. Kufika la tatu akikutana na swali gumu tumbo linaanza kuuma. Siku moja nikamkuta amefuta jibu mpaka karatasi imetoboka, na hakuandika kingine.

Baadaye ndo nikaja kusoma kuhusu Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani. Yeye na mwenzake Claudia Mueller mwaka 1998 walitoa utafiti, watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo, baadhi wakasifiwa kwamba wana akili na wengine kwamba wamejitahidi, halafu wakaletewa mafumbo magumu wakafeli. Wale wa "una akili" ndo waliokata tamaa haraka, na walipoambiwa waandike maksi zao wao ndo wakaongoza kwa kudanganya. Nilisoma hayo nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nikazima simu nikabaki naangalia dirishani tu.

Sasa likizo tukawa tunaenda kwa shangazi yake Kigamboni, tulipofika juu ya lile daraja akauliza zile nyaya kubwa ni za nini, nikamwambia zimelishika daraja lisianguke. Akasema na sisi tutengeneze. Haya. Njiti za mishikaki, rababendi, stuli mbili, na mzigo ni chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni kama nusu kilo. La kwanza alifunga mabox mabox ya mraba, likapendeza kweli, kuweka chupa tu likalala upande, maji chini. "Mi siwezi."

Jamani mikono iliniwasha! Nilikuwa najua kosa liko wapi, ila nikaikalia, nikamuuliza limeanzia wapi kuanguka? Hajui, alikuwa anaangalia chupa. Nikamwambia lirudishe, safari hii lala chini uliangalie kwa ubavu. Akalala kwenye sakafu, akaweka chupa taratibu, akapiga kelele, "Mama, njiti hazijavunjika, zimelala!"

Hapo ndo penyewe. Mraba unaweza kulala bila njiti hata moja kukatika, pembetatu haiwezi mpaka njiti ivunjike au fundo liachie. Sikumwambia hivyo, nilimtoa nje akaangalie nyumba ya jirani inayoezekwa, akazikodolea macho zile kenchi, mbao za paa zilizopigwa pembetatu pembetatu, wee, akarudi ndani mbio kuongeza njiti za kukatisha miraba kona kwa kona. La pili likabeba chupa moja. La tatu likabeba mbili likafia kwenye fundo, na yeye akacheka.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usimalizie kazi ya mtoto, hata kama inakuuma. Mnunulie kadaftari aandike limevunjikia wapi na kabadilisha nini, wangu anaandika na tarehe kabisa. Na hii ya kusema "jitahidi, jitahidi" peke yake haisaidii, Dweck mwenyewe amelisema hilo, mtoto anaweza kujitahidi siku nzima kwa njia ileile mbovu. Mi siku hizi sifa yangu ni swali, umebadilisha nini? Halafu Kiswahili chetu kimeturahisishia, akisema "siwezi" namrekebisha kama narekebisha sarufi tu, "sema sijaweza", basi, sina mahubiri. Mwanzoni alikuwa ananisonya kimoyomoyo, nilikuwa namwona.

Hesabu bado zinampiga chenga, nisiwadanganye, ila tumbo haliumi tena. Sasa hivi amehamia kwenye winchi ya kuvuta ndoo, na njiti zote zimeisha ndani, Jumapili wageni wangu walikula mishikaki kwenye sahani kwa uma.